Babu Amegoma Kushika Brashi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila ujue kwanza anayekuomba ni kocha ambaye timu za taifa zingepigana ngumi kumgombania kama zingejua anapoishi, shule niliiacha yenyewe ikilia, na mwanafunzi wangu ni mmoja tu, babu yangu, fundi rangi mstaafu, ambaye ugonjwa wa kusahau umeanza kumchezea: anakunywa chai halafu anauliza chai iko wapi. Nesi wa kliniki alisema ugonjwa bado mchanga, afanye mazoezi kila siku, anyooshe mikono, achuchumae, ainuke, lakini babu akanikodolea macho, "Mimi kuruti wa jeshi?" Hapo akili yangu ikawaka, nikampa brashi kavu, nami nikashika yangu, nikamwambia, "Fundi, ukuta unakungoja," weee! Akapaka juu mpaka chini, akachuchumaa kwenye kona, akainuka, jasho linamtoka, huku akinisema, "Nyoosha mkono, mjukuu wangu, unapaka kama unafukuza nzi!" Ikawa hivyo kila siku, usingizi wa usiku ukamrudia, bibi akaacha kumshika mkono akienda chooni. Basi nikaita washikaji waje waone kazi ya kocha, na katikati ya zoezi babu akasimama, akaitazama brashi, akauliza, "Rangi iko wapi?" Nikamjibu, "Si umeinywa na chai, babu!" Kicheko mpaka mbavu. Babu akaiweka brashi chini taratibu, na tangu hapo hainuki kwenye kiti, magoti yanakakamaa, na nyumbani nimesema ni ugonjwa umezidi. Si ugonjwa, mshauri. Aliyeanza kucheka ni mimi.

Kocha

Kocha wa mdomo,

Wazo la brashi ni zuri, nakupigia makofi. Sasa geuka nikuchape. Babu yako anasahau chai, aibu hajaisahau. Alikuuliza swali la kifundi, ukamjibu kihuni! Mwambie bibi ukweli leo hii, maana mkidhani ni ugonjwa mtamwacha akauke kitini. Kisha kamwombe babu radhi, bila washikaji. Hata kama hakumbuki ulichosema, omba vilevile. Mpeleke kwa nesi aangaliwe magoti. Na ile rangi aliyoiulizia, mpe: ndoo ya maji. Ukuta ukilowa unabadilika, ataiona kazi yake. Ukikauka, anaanza upya. Sakafu uifute, asiteleze.

Tena usimwite. Shika brashi wewe, upake ovyo mbele yake, upandeupande. Hakuna fundi anayevumilia hilo akiwa amekaa. Na akiinuka kukucheka, mwache acheke.