Nimeshika Darasa Lako

Ruth, rafiki yangu,

Nakuonea wivu. Najua marehemu haonewi wivu, lakini mimi na wewe hatukuzoea kufichana.

Tangu tukuzike, mwalimu mkuu amenipa darasa lako la nne. Siku za soko la Ngaramtoni nusu ya madawati yanabaki matupu. Enzi zako yalijaa. Nimeonya, nimeita wazazi, wapi! Mwalimu mkuu akaniambia mbele ya wenzetu, "Ruth hakushika fimbo, na walikuja." Nikatabasamu. Moyoni niliungua.

Mwanafunzi wako Nashipai alipoacha kabisa kuja shuleni, nikamfuata kwao. Unamjua bibi yake, yule mwenye miguu mibovu. "Shikamoo, koko," nikamsalimu, nikimwita bibi kwa Kimaasai. Akaitikia huku akichungulia nyuma yangu. "Mwenzako yuko wapi? Leo Ruth hakuja?"

Hakuwa amepata habari. Ruth, mimi ndiye niliyemwambia. Alilia mpaka akashika ukuta, na mimi, Mungu anisamehe, nikawaza: nikifa, nani atanililia hivi?

Ndipo akanieleza ulivyokuwa ukija. Unakaa, unapukuchua naye mahindi, habari ya shule unaitaja mwisho. Miaka yote tuliyokunywa chai pamoja hukuniambia! Nilidhani una bahati tu, watoto wanakupenda bure. Nikavuta kigoda, nikapukuchua hadi vidole vikawaka. Mwishowe akalitoa la moyoni mwenyewe: tangu miguu imkatalie kabisa, hana wa kumpelekea maziwa sokoni ila huyo mtoto. Tukamwita jirani yake, mama anayeuza maziwa kila soko. Akakubali kubeba na ya koko.

Soko lililofuata Nashipai alikuwa darasani. Nilipoita jina lake akajibu, "Nipo, mwalimu Ruth."

Akaziba mdomo, machozi yakamlenga. Nami ilinichoma, sikufichi. Nikamwambia, "Vizuri umekuja, mwanangu," nikaendelea kuita wengine.

Wanaongezeka sasa. Si wote. Wapo ndugu wawili huko upande wa Kisongo, baba yao bado anawapa ng'ombe wachunge. Jumamosi naenda.

Lala salama, dada. Nitazipitia nyumba zote ulizozipitia, na zile ambazo hukuwahi kuzifikia. Kwa sasa wananifungulia mlango kwa jina lako, na ninalitumia hivyo hivyo, linaniuma. Lakini nakuahidi, ipo siku watanifungulia kwa jina langu.

Mwenzako,
Neema