Patron Hataki Bukari

Jumanne, 4 Aprili 1995

Patron, mbwa wangu, yuko hai! Naandika hilo kwanza, mengine baadaye.

Alikuwa amemeza gunzi zima la hindi. Siku tatu anatapika, siku ya nne hata kutapika kukamshinda. Papa Godefroid akasema tukingoja kesho tutachimba shimo. Basi akamlaza juu ya meza yangu ya kulia — meza ya harusi, marehemu Philippe anisamehe — akampiga sindano ya usingizi, ya mwisho iliyobaki kwenye sanduku lake, akampasua tumbo. Mimi nilishika beseni. Sikuanguka! Niliimba Salamu Maria kwa sauti ndogo, mpaka akaniomba niimbe kitu cha furaha zaidi, huyu hajafa bado. Gunzi likatoka. Akaliosha vizuri, akanikabidhi. Sasa mimi nifanye nini na gunzi?

Papa Godefroid alikuwa msaidizi wa veterineri wa serikali, miaka ishirini. Veterineri mwenyewe aliondoka baada ya uporaji wa '91, na mishahara ikaondoka vilevile. Sasa anachanja kuku wa watu, lakini mtaa mzima unamwita Docteur. Mke wake alikufa miaka minne iliyopita. Hilo naliandika ili habari iwe kamili, basi.

Jumatano, 5 Aprili

Docteur amefika saa mbili na baiskeli. Maagizo: leo maji na supu, kesho uji, halafu vitu laini, mwisho bukari, ugali wenyewe. Kwake mgonjwa hajapona mpaka ale bukari. Wali, mkate, ndizi — hiyo ni kuchezea mdomo tu. Sikubishana. Hapa Likasi nani atabishana? Wanafunzi wangu wanakula mikate miwili ya mafuta njiani na bado wananiambia, Madame, tangu jana hatujala.

Patron amegeuzia supu mgongo. Uji wa kujaribu — mgongo. Huyu mbwa alilelewa na Mgiriki wa duka, kwa makaroni na jibini. Mgiriki alipokimbia akamwacha kwenye lango langu na kamba shingoni na sahani yake ya maua. Sahani ilivunjika zamani. Majivuno yamebaki.

Alichokubali ni yai. Kuku ninaye mmoja!

Ijumaa, 7 Aprili

Colette wa jirani ameniona namlisha Patron yai. Mume wake Urbain anachimba madini kule Kamatanda na anarudi Jumamosi tu, wakati mwingine na kitu, wakati mwingine na udongo kwenye nguo. Watoto wake wanakula mara moja kwa siku. Aliangalia yai, akaangalia mbwa, akasema atamwombea, kwa sababu mbwa anayekataa chakula ana pepo wa kizungu. Nilitamani ardhi inimeze. Nimempelekea sombe ya majani ya mihogo na nusu ya kapenta zangu, dagaa wa kukausha. Kapenta hizo Patron alikuwa amezikataa, lakini hilo sikulisema.

Halafu Docteur. Amepata kazi! Shamba la ng'ombe, juu kule Biano. Lori litampitia baada ya Pasaka. Nikasema hongera. Nilisema hongera mara tatu, ya tatu nikaisema peke yangu jikoni.

Kuna sharti moja, amelitaja mwenyewe: "Minye siachake mugonjwa mu njia, Madame. Siku atakula bukari, njo siku nitaenda."

Biano! Mbali vile, mafuta ya gari hayapatikani, barabara imekuwa mashimo. Anayepanda lori la kwenda kule anasahaulika kama walimu wa serikali.

Jumapili, 9 Aprili — Matawi

Docteur amekuja baada ya misa kuangalia kidonda. Siku ya Jumapili. Na shati jeupe! Kidonda kilikuwa kizuri tangu jana, aliniambia mwenyewe jana.

Nilikuwa nimepika bukari. Unga wa mahindi mtupu, mweupe, niliouchunga mara mbili. Unga niliouficha kwa ajili ya Pasaka. Sisi tukala na mlenda na samaki mmoja tuliyemgawana kichwa na mkia, yeye akachukua mkia na kuniachia kichwa. Patron akaletewa yake. Akanusa, akapiga chafya, akaenda kulala kwenye kivuli.

Docteur akatikisa kichwa. Hatujafika, akasema, na hakuonekana mwenye huzuni.

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu nikaona haya! Mbwa anahesabika mbavu, mimi namshukuru Mungu kwamba hali.

Jumatano, 12 Aprili

Ameniita Albertine!

Si Madame. Albertine. Alisema, "Albertine, shika kichwa." Kichwa cha mbwa, ndiyo. Lakini hata hivyo!

Nina miaka arobaini na sita na nimechoma maharage.

Alhamisi Kuu, 13 Aprili

Balaa. Furaha. Sijui niite nini.

Colette amekuja na sufuria tupu. Ametoka nje kidogo kuanua nguo, kurudi jikoni kakuta Patron. Bukari ya watu wanne — imekwisha! Mpaka ile iliyoshika chini ameikwangua.

Nilimkumbatia Colette. Nilipiga vigelegele! Amepona! Halafu nikakaa chini juu ya ndoo, kwa sababu nilikumbuka maana ya kupona.

Na sababu yenyewe ni ya kipumbavu. Bukari ya Colette ni ya mihogo karibu yote, mahindi ni ya kupaka rangi tu, inanuka uchachu mpaka barabarani. Huyu bwana wa makaroni anapenda hiyo! Mimi nilikuwa naona aibu kumpikia mgeni bukari ya mihogo, kumbe siku zote hizo unga wangu mweupe ndio uliokuwa unamchelewesha Docteur hapa. Aibu yangu imenifanyia kazi nzuri kuliko akili.

Nimempa Colette unga wangu wa mahindi wote uliobaki, kulipia chakula cha watoto. Halafu nikamwomba asimwambie Docteur. Aliniangalia muda mrefu, mpaka nikaanza kukunja taulo ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Yaya," akasema, "imbwa ilishapona. Weye njo mugonjwa."

Akaenda zake akicheka. Sikia, bado anacheka kule kwake.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Docteur ametoa nyuzi. Patron alilamba mkono wake. Halafu swali likaja: na bukari?

Nikasema hajala.

Ijumaa Kuu! Saa mbili asubuhi! Nikaongeza moyoni: hajala hapa nyumbani. Mwanafunzi akinijibu hivyo nampa sifuri.

Docteur akampapasa Patron tumbo. Polepole, kushoto, kulia, akarudi kushoto. Mbwa alikuwa amejaa kama mto wa pamba. Nikasema ni mayai. Kuku wangu, maskini, hajataga tangu Jumanne. Docteur akasema, ah, mayai. Akafunga sanduku, akapanda baiskeli bila kunywa chai.

Amekasirika? Amejua? Nimeshinda nikifagia ua uleule.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimekwenda kuungama. Foleni mpaka nje ya kanisa, kila mtu anataka kuwa safi kabla ya kesho.

Nikamwambia Padri nimesema uongo kuhusu mbwa. Akauliza kama mwenye mbwa ameumia. Nikasema mwenye mbwa ni mimi. Ikabidi nimweleze yote, na bukari, na Biano, na ile Albertine. Nadhani alikuwa anakohoa. Au anacheka, sina hakika.

Malipizi: Baba Yetu tatu, na kumwambia ukweli yule niliyemdanganya, kabla hajaondoka.

Nilijua! Ningeenda kwa yule Padri mzee asiyesikia.

Jumapili, 16 Aprili — Pasaka

Amefufuka, aleluya. Docteur hakuja. Kanisani alikaa nyuma kabisa na alitoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Jumatatu, 17 Aprili

Naandika nimesimama, jikoni, maji yako motoni. Mwandiko huu Mungu tu atausoma.

Amekuja kwa miguu. Na valizi ya nguo! Baiskeli ameshampa mtu. Lori linapakia mifuko pale kwenye kona, dereva amempa dakika kumi.

Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu alfajiri. Yote yamepotea. Basi nikafanya jambo moja nililoweza: nikaleta bukari ya mihogo, ile yenye uchachu wake, nikaiweka chini mbele ya Patron na mbele yake. Mbwa aseme mwenyewe.

Patron alisema. Hakuacha hata punje! Akalamba sahani mpaka ikatembea na kugonga kiatu cha Docteur.

Docteur akainama, akaiokota sahani, akaiangalia ndani, akaiangalia chini. Akanirudishia.

"Imbwa hayakula, Albertine."

Nikasema Docteur, amekula. Nikasema na Alhamisi alikula, kwa Colette, bukari ya watu wanne, nami nilikudanganya Ijumaa Kuu asubuhi, na nimeungama. Nilisema yote kwa pumzi moja, na machozi yakanitoka kama mtoto, na wakati huohuo nilikuwa nataka kucheka.

"Minye miaka makumi mbili nashika matumbo ya banyama," akasema. "Niliyua tangu Ijumaa."

Amejua tangu Ijumaa! Na amebeba valizi mpaka hapa badala ya kupanda lori moja kwa moja pale konani!

Kisha akavuta kiti, akakaa, akaweka valizi katikati ya miguu. Akasema mgonjwa anaweza kula mara moja kwa bahati. Inafaa kuona mara ya pili. Labda na kesho.

Kwa hiyo napika ya pili. Unga umemwagika, Patron anaulamba sakafuni, hana hata adabu ya kujifanya mgonjwa.

Honi. Ya kwanza, ndefu.

Nimechungulia. Hajasimama. Amevua koti.

Honi tena. Sasa dereva anagonga lango kwa ngumi na kuuliza kama Docteur yuko humu, watu wa Biano hawangoji. Na Docteur anaita kutoka uani, sauti ya chini, kama mtu asiyesikia lango, anauliza kama kuna sombe ya kulia hiyo bukari.

Nimemjibu Docteur kwanza.