Sarafu Alizozisugua Mama Yako

Mwanangu kitinda mimba,

Pokea salamu za baba yako, ambaye tangu Jumamosi hashikiki! Zile seti zangu za sarafu, mlizokuwa mkiziita "pesa zisizonunua hata chumvi," zimeshika nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya wakusanyaji.

Unajua hizi si sarafu za dukani. Zimechapwa kwa ajili yetu wakusanyaji, zinang'aa kama kioo, na ukizigusa tu kwa kidole umeziharibu.

Basi siku chache kabla ya maonyesho nilimkuta mama yako jikoni amezifungua zile za mwaka uliozaliwa wewe, anazisugua kwa sabuni na majivu. "Nazitakatisha," akaniambia, "wageni wasije wakatuona wachafu." Na yeye ndiye aliyekuwa akiwakemea nyinyi msizisogelee! Mwanangu, mama yako ameanza kusahau. Daktari amethibitisha.

Mwenzangu mmoja alinishauri nizifiche. Nilikataa katakata. Niliziweka mbele kabisa, nje ya shindano, na mikwaruzo yake yote. Mama yako alivaa gauni lake la bluu, akasimama hapo mchana kutwa, akimwambia kila apitaye, "Hizi nimezing'arisha mimi." Watu wakigeuka kunitazama, nami najibu, "Ndiyo, na huyu ni mke wangu." Kombe lenyewe halikunivimbisha kichwa kiasi hicho.

Njoo likizo hii, usingoje ijayo. Bado anakuita kwa jina lako.

Ni mimi baba yako, bingwa.