Kuni za Rehema Chini ya Turubai

Alhamisi, Misima. Kumekucha na baridi, na mawingu hayajaamua kama yanakaa au yanaondoka. Roho yangu haijatulia tangu alfajiri.

Leo nimefunua turubai.

Habari hii sijawahi kuiandika hapa. Binti yangu Rehema ni mjamzito, amebakiza wiki tatu. Jumamosi anatoka kwa mumewe Mazinde kuja kujifungulia kwangu, kama mimi nilivyojifungulia kwa mama. Atakaa siku arobaini chumba cha nyuma, kilichopakana na jiko. Moto ukiwaka jikoni, ule ukuta wa udongo unapata joto na chumba kinapata joto. Mwezi huu wa saba baridi ya asubuhi si ya kuchezea kwa kichanga. Tatizo ni kwamba ukuta haukufika paani, na moshi nao unapita. Nesi wa kliniki amemwonya Rehema kabisa kuhusu moshi. Kwa hiyo kuni lazima ziwe kavu.

Za kwangu nilizipasua mwezi wa tatu, mgunga mtupu, nikazipanga nyuma ya nyumba na kuzifunika gubigubi. Si kwa ajili ya mvua tu. Mwaka juzi mimba ya kwanza ya Rehema ilitoka ikiwa na miezi sita, na mimi nilikuwa nimeshapanga kuni mbele ya nyumba, kila apitaye ananipongeza. Kuni zile zilinitazama wiki nzima, mwishowe nikazigawa zote. Safari hii nikaapa mtu asijue nasubiri nini.

Sasa nimekuta koga jeupe, na vijiuyoga. Nimewasha kipande kimoja kujaribu: kikatoa povu nchani, na moshi wa kumtoa nyoka pangoni.

Nimeziozesha mwenyewe, kwa woga wangu.

Nyuma ya nyumba hakuna jua. Ilibidi nizibebe mbele, nizianike barazani, njia nzima ikiona. Haukupita muda akaja Bi Zuhura, jirani yangu, mtu mzima anayejua habari za kila nyumba. Nikamwamkia, nikainama tena kwenye kuni zangu. Akaokota kipande, akakipima uzito, akauliza Rehema anakuja lini.

Miezi mitatu nimekuwa nikimdanganya kila akiniuliza habari za Rehema. Leo uongo umeniishia.

“Jumamosi, bibi. Amebakiza wiki tatu.”

Nilidhani kusema tu kutaleta balaa. Bi Zuhura akakirudisha kile kipande chini taratibu.

“Hizi hazikauki kwa wiki tatu, mwanangu. Zangu ziko kwenye uchanja juu ya mafiga tangu Ramadhani. Njoo ubebe, ni za Rehema. Nilikuwa nangoja uniambie.”

Nimelia palepale, kama mtoto.

Bado naogopa. Naogopa safari ya Jumamosi na mashimo ya njiani, naogopa hizo wiki tatu. Likitokea la kutokea, sijui kama nitaweza kugawa kuni mara ya pili.

Lakini mchana nimebeba mizigo mitatu kichwani kutoka kwa Bi Zuhura, kweupe. Watu wawili wamenisimamisha njiani kuniuliza kuni zote hizo za nini.

Nimewaambia.