Mama Mkwe Kwenye Jabali la Bungu

Ngombezi, Jumapili jioni. Mvua imenyesha tangu adhuhuri na sasa imekatika. Kambi nzima inanuka mkonge uliolowa. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Nianze na aibu. Jumapili iliyopita nilikwenda Bungu, huko juu milimani, kutembea. Kutembea tu, bila msiba wala shughuli. Wazo lilikuwa la Benedikto, mwenzangu wa kiwandani. Zamani mameneja wa Kizungu ndio waliopanda milimani siku za mapumziko na vikapu vyao vya chakula, sisi tukiwatazama kutoka huku bondeni. Benedikto akasema shamba la mkonge sasa ni la umma, basi na milima nayo ni yetu. Tukachemsha mihogo, tukajaza chupa ya chai, tukadandia lori la asubuhi.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya pembeni. Barua yangu ya posa ilikwisha fika Bungu kwa kina Mwanaidi, na majibu yalikuwa hayajatoka. Nilisikia kuna wasiwasi: huyu Mzigua wa Handeni, mtu wa nchi tambarare, ataweza kweli kufika kwa wakwe zake kila anapohitajika? Nikaona si vibaya nikionekana huko nimependeza. Nikavaa viatu vyangu vya ngozi, vyenye soli zilizolika mpaka zikateleza kama sabuni.

Ujinga wangu mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Lakini kule juu kuzuri, jamani! Mashamba ya maharage yamening'inia kwenye miteremko, juu yake msitu, na maji ya vijito ni baridi hadi meno yanauma. Nilijiona mjinga kuishi miaka yote hii chini ya milima hii bila kuipanda. Kila tuliyekutana naye aliuliza tunakwenda kwa nani. Tukijibu kwamba tunatembea tu, alituonea huruma.

Karibu na maporomoko, njia inapita ubavuni mwa jabali, upana wake kama benchi. Benedikto akavuka akipiga mluzi. Mimi nilipofika katikati, kiatu kikateleza. Nikatazama chini. Basi, miguu ikagoma. Nikalikumbatia lile jabali, nikafumba macho, nikaanza kumtaja Mungu.

Nilipofumbua, upande wa Benedikto alikuwa amesimama mama mmoja, kikapu cha magimbi kichwani, jembe mkononi, akisubiri nimpishe. Mwanaidi aliwahi kunionyesha mama huyo kwa mbali sokoni Korogwe. Alikuwa mama yake.

Kwetu, ukishapeleka posa, mama mkwe humtazami usoni, humgusi, hamsemeshani, na mkikutana njiani unatoka pembeni. Pembeni pale palikuwa hewani.

Yeye alinitambua, nina hakika, maana hakunisemesha. Alimsemesha Benedikto.

"Mwanangu, mwambie mwenzio avue viatu."

Benedikto akanipigia kelele kana kwamba mimi sikusikia. Nikavivua, kimoja kikaenda na maji. Kisha yule mama akaja ubavuni mwa jabali hadi karibu nami, na kikapu kichwani vilevile. Akageuka palepale, mahali ambapo mimi nilishindwa hata kugeuza shingo, akanipa mgongo. Akarudisha mpini wa jembe nyuma.

"Mwambie ashike. Atazame miguu yangu tu."

Nikashika mpini. Nikafuata visigino vyake, polepole, hadi ng'ambo. Nikasimama nimeelekeza uso mlimani ili apite, naye akavuka tena kwenda zake, hakuna gimbi hata moja lililoanguka. Sijapata kuona mtu hodari namna ile. Mashine za kiwandani tunazozisifu kila siku hazina utulivu wa mama yule.

Benedikto alicheka mpaka Korogwe. Mimi nilijiona nimekwisha mpoteza Mwanaidi. Wiki nzima nilingoja kuambiwa kwamba mtu anayevushwa jabali na mama mkwe hafai kuoa mlimani. Nisingewalaumu.

Leo, mvua ikiwa bado inanyesha, mjomba wake Mwanaidi ameshuka na majibu. Nikamwamkia, nikampa kiti. Wamekubali! Nimelia, sioni haya kuandika hivyo.

Kisha mjomba akasema dada yake ana sharti moja, nalo limewashangaza wote nyumbani, maana amekataa kulieleza. Mtoto wetu wa kwanza apelekwe kwake Bungu kabla hajaanza kutembea, ajifunzie huko huko.

Hakumwambia mtu habari za jabali.

Mjomba akaniuliza kama ninalielewa hilo sharti. Nikamjibu ninalielewa vizuri, na kwamba mtoto nitampeleka.