Jina la Mama Yako

Mpendwa mwenzangu Mzee Haskell,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Habari ya siku nyingi, na habari ya nyumba yako? Natumaini uko mzima, na ule mgongo uliokusumbua kwenye baiskeli ulikuachilia ulipofika kwenu. Sisi tupo, kwa neema ya Mungu. Mama yangu bado yuko hai huko Asembo Bay, ingawa macho yamepungua. Mimi mwili ni mzima, lakini tangu Jumapili sijakuwa mtu wa kawaida. Mke wangu ananiita mara mbili ndipo nisikie. Jana niliweka chumvi kwenye uji nikaumaliza bila kujua.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu wewe ndiye uliyenikataza Kizungu. "Hicho ninacho tayari," ulikuwa ukisema. "Nipe cha huku."

Jumapili alikuja kututembelea kanisani yule mzee aliyekuwa akisimamia wamisionari wa upande huu siku zetu, yule wa pikapu nyeupe. Amezeeka sana, anatembea na fimbo. Baada ya ibada tukampeleka Dunga kula samaki. Tulikuwa tunacheka vizuri tu, tukikumbuka akina mama wa Kondele walivyosoma neno "Mzee" kwenye beji zetu na kutuuliza, "Nyinyi watoto wawili, nani aliwafanya wazee?" Ghafla akaacha kula. Akaniangalia.

"Kumbe ni wewe uliyefiwa na baba," akasema. "Wewe ndiye Haskell alikataa kumwacha."

Nikamuuliza, kuniacha vipi? Akashangaa. Alidhani nimejua miaka hii yote.

Mwenzangu, hebu turudi kwenye wiki ile, maana naiona upya kabisa, kama mtu aliyeishi kwenye nyumba halafu akaonyeshwa mlango ambao hakuwahi kuufungua.

Ilikuwa Jumatatu, siku yetu ya kufua. Shati zetu nyeupe zilikuwa kwenye karai, wewe una sabuni mpaka kwenye viwiko. Baba Mdogo akasimama mlangoni na kofia mkononi. Hakuzungusha maneno. "Ouma, twende nyumbani. Baba yako ametuacha." Nilikaa chini pale pale kwenye maji. Nilipoinua kichwa nilikuona unafunga mifuko miwili. Nikakuuliza, wewe unaenda wapi? Ukasema, "Si sisi ni wawili? Nitabaki hapa na nani?"

Sheria yetu wamisionari ilikuwa mwenzi asiachane na mwenzake, na watu wa kwetu hawakuwa wamewahi kuona jambo kama hilo. Nikienda kisimani, uko nyuma yangu. Nikienda chooni, umesimama nje unaangalia migomba. Baba Mdogo alivumilia mpaka Jumanne jioni, kisha akauliza mbele ya waombolezaji wote, "Ouma, huyu mzungu ni askari wako ama ni mke wako?"

Nawe ukajibu na Kiswahili chako kile, "Mimi ni mke, Baba, lakini sijui kupika."

Watu walicheka matanga yakasimama. Mama yangu pia alicheka, mara ya kwanza tangu baba afe. Unakumbuka chai? Walikuletea kikombe, ukakataa kwa heshima kwa sababu kanisa letu linakataza chai, ndipo shangazi wakaanza kunong'ona, "Anaogopa tumemtilia dawa." Mama akainuka na huzuni yake yote, akakuchemshia maziwa na maji, akatia sukari, akakupa mkononi mbele yao. "Huyu Mormoni ni mtoto wangu," akasema. "Mwacheni." Tangu hapo hukukosa kikombe chako. Mama ndiye aliyekuchemshia, kila siku, mpaka tulipoondoka.

Na alfajiri alikuwa akizunguka boma akimlilia baba. Alimtaja jina lake, akataja jina la babu, akataja ufuo ambao baba alikuwa akivuta mtumbwi wake. Ulikuwa umelala kwenye mkeka karibu nami ndani ya simba, kibanda changu cha ujana, ukaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini anarudia majina hayo. Nikakuambia kwetu mtu analiliwa kwa jina lake na la watu wake, hata mgeni anayepita njiani ajue ni nani aliyeondoka. Ukageukia ukuta. Nilidhani umelala.

Alhamisi pikapu nyeupe ikaja. Mliongea na yule mzee karibu na mlango wa gari, mimi niko na wachimba kaburi. Nilimwona akikushika bega. Gari likaondoka, wewe ukarudi, ukavua tai, ukachukua jembe. Nikauliza, amesema nini? "Anakupa pole," ukasema. Basi. Ukaanza kuchimba.

Sasa yule mzee ameniambia alichokuletea. Kwamba mama yako amezidiwa, na madaktari wamesema siku zake zimebaki chache. Kwamba ndege ya Ijumaa ilikuwa imepatikana, na mwenzi mwingine angetoka Nairobi kuja kukaa nami. Wewe ukamwambia hapana, utaondoka baada ya mazishi. "Huyo mwingine hamjui baba yake Ouma." Mzee akakwambia, hata wewe hukumjua. Nawe ukamjibu, "Nimemjua. Mama yake Ouma ananitajia kila asubuhi."

Mzee alipofika hapo samaki wangu alikuwa amepoa kwenye sahani. Nilijaribu kunywa maji, yakamwagika kwenye shati. Mwenye hoteli alikuja kuuliza kama nimemeza mfupa.

Jumamosi ulibeba jeneza upande wa kichwa. Ukatupa udongo. Kisha ukapiga magoti ukalia kwa sauti, na akina mama wakasema, "Angalia, mzungu analia kama mtu wa hapa." Nilifarijika sana. Nilijisemea, mwenzangu ananipenda kiasi hiki, anamlilia mzee ambaye hakuwahi kula naye. Kumbe ulikuwa umesimama kwenye kaburi moja na moyo uko kwenye kitanda cha ng'ambo.

Jumapili jioni tulirudi Kisumu. Asubuhi yake ukanikumbatia, ukaniachia tai yako ya buluu, ukaniambia, "Nimehamishwa." Uhamisho ulikuwa kitu cha kawaida kwetu, sikuuliza. Mzee ananiambia mama yako alifariki Jumapili ile, hata hujapanda ndege. Ulimkuta kwenye jeneza.

Mwenzangu, kwa nini hukuniambia? Ningekusukuma ndani ya ile pikapu mwenyewe. Ningemwambia mama, na mama angekufukuza kwa fimbo uende kwenu. Nimejaribu kushukuru, shukrani haitoki. Nimejaribu kukukasirikia, hasira nayo haikai. Nikipiga magoti nasema "Baba wa mbinguni," kisha sijui niendelee na nini. Sijui hata kama uliwahi kujuta, na naogopa kukuuliza.

Juzi nilienda Asembo kumwambia mama. Nilimkuta ameketi kwenye gunia, anachambua samaki wadogo wa omena kwa vidole kwa sababu macho hayamsaidii. Nikamweleza yote. Vidole vikasimama. Alikaa hivyo mpaka kuku wakaanza kula omena, na hakuwafukuza.

"Nilikuwa nampa maziwa," akasema, "na mama yake anakufa."

Kisha akauliza, "Mama yake aliitwa nani?"

Nikasema sijui. Sisi tulikuwa Mzee Ouma na Mzee Haskell, hata jina lako la kwanza sikuwahi kulitumia. Nilikuwa nimemuuliza yule mzee jina la mama yako, naye alisema limemtoka. Mama aligeuza uso nilipo. "Mmekula sahani moja, mmelala mkeka mmoja, amemzika baba yako, na hujui jina la mama yake?"

Alijaribu kumlilia, mwenzangu. Aliinuka akashika ukuta, akatoka mpaka langoni, akainua sauti kama alivyoinua ile wiki. Akafika mahali pa kutaja jina, akakwama. Akarudi ndani polepole. "Siwezi kumlilia mtu hivi," akaniambia. "Mwandikie."

Yule mzee ndiye anayekubebea barua hii akija huko kwenu. Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni mstari mmoja. Niandikie mama yako aliitwa nani, binti wa nani, na amelala sehemu gani. Mama yangu amesema ataamka alfajiri kila siku, akae mlangoni kungoja jibu lako.

Ni mimi mwenzi wako,
Ouma