Radhi Yako, Mama, na Uji wa Athumani

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, goti limepunguza maudhi, na kile kikohozi kimeondoka pamoja na kipupwe. Mimi ni mzima, nala na nalala, na genge langu la chakula bado lipo palepale nyuma ya soko. Korosho za mwaka huu zimeanza kuanguka? Na ule ukuta wa jikoni ulioliwa na mvua, kaka ameshauziba au bado anangoja uanguke wenyewe apate kupumzika?

Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia. Kila nikitaja jina la Athumani nasikia kimya, na nikipiga tena hupokei. Barua haikatiki. Mjomba Saidi atakuletea mkononi, mtoto wa kaka atakusomea, naye namwomba asiruke neno hata pale utakapomwambia aruke.

Ulimtuma mjomba aje anichukue. Alinipa ujumbe wako kabla hata hajavua kofia: "Mama yako anasema uchague. Ama yule mtu, ama radhi yake." Mama, maneno hayo yamenikaa kifuani mpaka leo. Bila radhi ya mzazi hata maji ya kunywa hayapiti vizuri kooni, na wewe ndiwe uliyenifundisha hivyo. Kwa hiyo nataka uyasikie mambo haya kutoka kwangu, usiyasikie kwa hao wanaokuja huku kununua vitenge wakarudi Masasi na habari zangu zimefungwa humohumo kwenye furushi.

Athumani alipopatwa na kiharusi alilazwa kule Upanga. Nilisikia, na sikwenda. Aliniacha, talaka akaituma kwa rafiki yake kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima, na miaka imepita tangu hapo. Yule aliyemwoa baada yangu alikwenda kumtazama siku za mwanzo, halafu akafunga vitu vyake akaenda kwao. Siku ya kuruhusiwa waliokwenda kumchukua ni wachukuzi wenzake, aliokuwa akibeba nao mizigo hapa sokoni. Chumba chake cha Jangwani kilikuwa kimejaa maji na tope la masika. Sasa wampeleke wapi? Wale wanakula kwangu kila siku na hawakuacha kuniita shemeji. Talaka waliisikia, haikuwaingia. Kichwani mwao Athumani alikuwa bado wangu mimi Abiba. Wakamlaza kwenye mkokoteni juu ya godoro, wakamsukuma mpaka mlangoni kwangu.

"Shemeji," akasema Kosmas, mtani wetu Mngoni, "mzigo wako huu. Tuushushe wapi?"

Ningeweza kusema mmekosea nyumba, na neno hilo lilikuwa tayari ulimini. Nikamtazama Athumani. Mdomo umekwenda upande, nzi ametua shavuni, na mkono wa kumfukuza haunyanyuki. Nikasema, "Mwingizeni kile chumba cha uani ninachowekea mkaa." Sikufikiri, Mama. Ningefikiri ningewarudisha.

Tangu siku hiyo kila mtu ana jina la hiki ninachokifanya. Majirani wanasema ni limbwata, eti lile nililomlisha yeye zamani limenigeukia. Kosmas ananitania hivyohivyo mbele ya wateja, "Wayao nyie mnapika dawa halafu mnaionja wenyewe," nami namtishia mwiko. Shekhe wa mtaani anasema ni sadaka. Wewe unasema ni ujinga, na kwamba hata mtoto sikuzaa naye nikapata la kusingizia. Nimeyapima yote. Mapenzi yale ya ujana hayapo, Mama, nikimwona moyo haushtuki wala haurukiruki. Huruma nilikuwa nayo mwanzoni, lakini huruma ina pumzi fupi. Siku aliyonitemea uji usoni iliondoka yote, na kesho yake nikakoroga uji mwingine. Sadaka nayo, mtoaji anatazamia thawabu, wakati mimi nikichuja uji sifikirii pepo, nafikiria mabonge yasije yakamkaba. Na ukisema nimemsamehe, sijamsamehe. Kuna asubuhi namlisha huku namsema mpaka anafumba macho.

Shekhe alikuja na mama mwenye nyumba kutaka kutusitiri. Talaka ilikuwa moja, eda ilikwisha zamani, kwa hiyo ndoa mpya inawezekana. Alisema kwa upole, sina la kumlaumu, maana kwa sheria mimi kwa Athumani ni mtu wa kando. Simwogeshi, wala sikai naye mlango umefungwa. Kosmas ndiye anayemwogesha kabla ya kwenda kazini, mimi namlisha mlango uko wazi na watu wanapita uani. "Mkirudiana," shekhe akasema, "hakuna atakayekuwa na la kusema." Athumani aliposikia neno ndoa akaitikia kwa kichwa, upesi kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote tangu nimjue.

Nikasema, "Shekhe, simtaki."

"Humtaki, na unamlisha?"

"Nataka ale. Mume simtaki."

Athumani akageukia ukutani akasusa chakula mpaka alasiri. Alasiri akala. Kabla ya kuondoka shekhe aliniuliza, basi wewe ni nani wake? Nikainuka nikaenda kuufunika ule uji usiingie nzi.

Sasa nikwambie ya mjomba, ingawa amenikataza. Asubuhi aliyofika, Kosmas hakuwepo, wachukuzi wengi walikuwa wameitwa bandarini kushusha mzigo. Mjomba akaitikia shikamoo yangu bila kunitazama, akatoa ujumbe wako, akauliza, "Yuko wapi huyo mtu, nimwone kwa macho yangu?" Nikampeleka. Athumani alikuwa amejichafua na amejikunja kwa aibu, shuka imelowa. Mimi nimesimama kizingitini na ndoo ya maji ya moto, siingii wala siondoki, naomba Mungu apitishe mwanamume yeyote uani. Unajua mjomba anavyomchukia. Yeye ndiye aliyeniozesha, na ile talaka aliihesabu kuwa kofi amepigwa yeye. Alitazama shuka, akatazama ndoo yangu. Halafu akavua saa yake akanipa niishike.

"Lete hiyo ndoo," akasema. "Wewe toka."

Nikakaa nje nikimsikia akimwosha na kumtukana kiungo kwa kiungo. "Mkono huu ndio uliokula ubwabwa wa harusi nyumbani kwangu. Haya, nyanyua. Mguu huu ndio ulioruka kizingiti ukamwacha mwanangu. Geuka. Polepole bwana, utaanguka, mshenzi wewe." Alipomaliza akaomba mafuta ya nazi, akampaka miguu yote miwili, na hilo hakuna aliyemwomba. Akatoka, akanawa, akakaa kwenye benchi la wateja akala chapati na maharage. Nikamuuliza kwa nini amefanya vile.

"Sijui," akasema. "Usiniulize. Na jibu la mama yako mimi sipeleki, liandike mwenyewe."

Kosmas aliporudi kutoka bandarini, mjomba hakuondoka. Alikuwa akisimama pembeni kila asubuhi akimsahihisha Mngoni wa watu namna ya kumgeuza mgonjwa, mpaka Kosmas akamwambia, "Mzee, kama wewe fundi, shika kitambaa." Akashika.

Basi jibu langu ndilo hili. Sitarudi na mjomba, na sitaolewa tena na Athumani. Nitamlisha mpaka ainuke au mpaka Mungu amchukue, siku nitakazokuwa nimekasirika na siku nitakazokuwa sijakasirika. Ukiniuliza hilo linaitwaje, sijui, na nimeacha kulitafutia jina kwa sababu uji unaungua nikiwa natafuta. Nakuomba tu usidhani kwamba nimemchagua yeye nikakutupa wewe. Mjomba ameniambia kwamba baada ya kumpa ule ujumbe mkali ulimfuata hadi stendi kumwambia anitazame kama nimekonda. Nilicheka, kisha nikalia hadi mchuzi ukakauka. Nimekonda kidogo, Mama. Mwambie asikufiche.

Nisalimie bibi, na umwambie miwani yake mjomba anayo begini. Msalimie kaka na wifi, na mtoto wao anayekusomea hapa, Mungu amzidishie subira. Mama mkubwa, anayenitetea kila unaponisema, mpe salamu zake peke yake, msizichanganye na za wengine. Kosmas anawasalimu watani wake wote, anasema mkivuna korosho msimsahau, naye hastahili hata moja.

Radhi naiomba, Mama, kwa magoti yote mawili. Ukiniwekea kinyongo usinipe, bado nitakuja, pindi nikipata mtu wa kumwachia mgonjwa. Nitabisha hodi. Usipofungua nitakaa barazani hapo nje, uniseme kutoka ndani, nami nitaitikia kila utakalosema. Mvua ikinyesha nitasogea ukutani. Ukichoka kunisema utafungua, na usipochoka utanikuta palepale, maana sina mahali pengine ninapotaka kuwa.

Mwanao,
Abiba